Adimu na Azizi: Santuri Kuukuu na Maadili ya Usikilizaji katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Nani mwenye wimbo uliomo katika santuri kuukuu? Mwanasheria ana jibu lake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, ilhali haki katika rekodi yenyewe hukoma miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa kipimo hicho, rekodi ya 1973 ilikuwa huru mwisho wa 2023, hata kama utungo uliomo bado umelindwa. Sheria hukiri, basi, kwamba santuri moja ni vitu viwili. Kitu cha tatu inakinyamazia, nacho ni raha ya msikilizaji na deni linaloandamana nayo, iwapo deni lipo.

Pwani ya kusini inalipa swali hili uzito wa pekee. Hoteli za Diani, sawa na zile za kaskazini ya Mombasa, zilikuza soko la bendi zilizojua kuwachezesha wenyeji na wageni. Slim Ali na bendi ya Hodi Boys ya Mombasa waliimba muziki wa soul kwa Kiingereza; Mombasa Roots waliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya arusini, wakaitia mdundo wa disko; na wimbo wa Them Mushrooms uliorekodiwa mwaka 1982, “Jambo Bwana”, uliimbwa upya mwaka 1983 na kundi la Boney M la Ujerumani. Katika mazingira haya majina ya aina za muziki hayaaminiki. Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa 1932, na Morogoro Jazz, ya 1944, zilijiita hivyo kwa kuwa neno “jazz” lilimaanisha bendi ya dansi. Mkusanyaji anayezipanga santuri za Afrika Mashariki chini ya vibandiko vya jazz, fanki na roki tayari amekwisha kuzifasiri, na aghalabu amezifasiri kwa lugha isiyokuwa yao.

Kanda za kaseti zilipoenea, santuri ilipoteza soko lake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchapaji wake nchini Kenya ulikuwa umefifia. Nakala zilizosalia zikawa chache, na uchache ukazaa bei. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, wenye nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 ambazo wengi walikuwa wamezisahau. Hapa pana utata wa kimaadili: thamani ya santuri sokoni hupanda kadiri wimbo wake unavyosahauliwa na watu wake. Kiswahili hutenganisha kilicho adimu na kilicho azizi. Soko huvichanganya viwili hivi. Mhakiki hana ruhusa ya kuvichanganya.

Katika insha yake ya 1931 kuhusu kufungua maktaba yake, Walter Benjamin alidai kuwa umiliki ndio uhusiano wa ndani kabisa baina ya mtu na vitu, na kwamba mkusanyiko hupoteza maana unapompoteza mwenyewe. Dai hilo lina nguvu kwa vitabu. Kwa chakacha halitoshi, maadamu ngoma hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya kuingia studio, nao hawakuacha kuwa wenyewe kwa sababu nakala moja imevuka bahari.

Dhana ifaayo zaidi ni amana. Mwekewa amana hana haki ya kuitumia bila idhini ya mwenyewe. Je, kusikiliza basi ni khiyana? Hasha. Mwanamuziki aliyeingia studio alitaka asikilizwe. Usikilizaji ndio uliokuwa sharti la amana yenyewe, na sindano huila mifuo ya santuri kwa idhini yake. Alichokiidhinisha si kutenganishwa kwa sauti na jina, wala kwa maneno na mahali yalipotamkwa. Raha ni halali. Anayestarehe ndiye anayedaiwa kuyahifadhi majina ya waimbaji na watunzi, kuyanukuu maneno kwa usahihi, na kuifikisha nakala kwa wale ambao wimbo ulitoka kwao.

Yumkini itasemwa kwamba bila wakusanyaji nyimbo nyingi zingepotea. Ni kweli, na shukrani ni wajibu. Lakini aliyeiokoa amana motoni hageuki kuwa mwenyewe. Uokozi wake humwongezea dhima.

Hukumu hii haiwezi kuishia kwa mkusanyaji wa santuri. Mtafiti wa fasihi simulizi anayerekodi nyimbo za sengenya za Wadigo huko Msambweni, akazihifadhi chuoni na kupandia cheo kwa uchambuzi wake, naye amewekewa amana. Iwapo wajukuu wa waimbaji hao hawawezi kuzisikia sauti za bibi zao bila kibali cha maktaba ya mbali, basi taaluma imefanya lile lile inalolaumu sokoni: imekifanya adimu kilichokuwa azizi.