Kanisa kuukuu nalo lina haki yake

Mwezi uliopita nilikwenda Newala kumjulia hali shemeji yangu. Barazani, baada ya Alasiri, jirani yake Mwanglikana alituambia kuwa wamejenga kanisa jipya, na lile kuukuu wanafikiria kulifanya ghala la korosho au maktaba ya watoto. Akatuuliza tunaonaje. Kijana mmoja akadakia: "Bomoeni tu mzee, sisi yanatuhusu nini?"

Nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenisumbua. Namjibu leo.

Ndugu yangu, yanatuhusu. Surat Hajj aya ya 40 inazitaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kuwa zingebomolewa lau Allah asingewakinga watu, hawa kwa hawa. Inasimuliwa pia kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alipoingia Jerusalem alikataa kuswali ndani ya Kanisa la Ufufuko, akichelea Waislamu wasije wakalidai baada yake.

Isitoshe, misheni ya Masasi ilianza 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar. Hawakuwa Wazungu wale, walikuwa watu weusi kama sisi. Najua historia hiyo imetumiwa mno kuwasema Waislamu peke yao. Lakini je, hoja hujibiwa kwa nyundo? Pale Mkunazini, Zanzibar, kanisa alilojenga Steere kwenye lililokuwa soko la watumwa limekarabatiwa, ibada inaendelea, na kando yake kuna maonesho ya biashara ya watumwa. Mwenye hoja aende akasome, kisha ajibu kwa elimu.

Je, nasema jengo la ibada lisibadilishwe kamwe? La hasha. Msikiti wa Brick Lane, London, ulijengwa 1743 kuwa kanisa la wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa. Mwaka 1898 ukawa sinagogi, na 1976 ukawa msikiti. Lau kila aliyehama angebomoa, ndugu zetu wa Bangladesh wangeswali wapi?

Msikiti wa Cordoba nao ulifanywa kanisa 1236, na hadi leo unatuuma. Tofauti ni nini? Cordoba uliamuliwa na mshindi wa vita, si na waliokuwa wakisujudu humo. Basi dhulma haimo katika kubadilisha jengo, imo katika kumnyang'anya mwenyewe uamuzi. Na kama tu wakweli, Ayasofya ya 1453 nayo tuipime kwa mizani hiyo hiyo, hata kama jibu ni chungu.

Kwa hiyo mzee wangu, uamuzi ni wenu. Ghala ni halali yenu, ila nani atakumbuka kilichokuwapo magunia yakishapangwa? Mkichagua maktaba, vitabu vyangu vitano vya kwanza nitavileta mwenyewe.

Nawe kijana, siku msikiti wa babu yako utakapochakaa, ungependa jirani aseme nini?

Wallahu a'alam.