Kosa la Mmoja

Timu ya mpira ina watu 11 uwanjani. Ishindapo, sifa ni ya wote. Ishindwapo, watu hutafuta mmoja wa kumtwika kushindwa kote. Je, hiyo ni haki?

Mwaka mmoja nilikuwa mlezi wa timu ya chuo cha ualimu. Tulicheza vema msimu mzima, hata katika mechi ya mwisho sare ilitutosha kutwaa kombe. Muda mfupi kabla ya kipenga, mpira mwepesi ulimponyoka mlinda mlango ukaingia wavuni. Usiku ule hapana aliyekula naye. Wenzake walisema, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Hawakujua ya kuwa asubuhi ya mechi alinionyesha kidole kilichovimba, nami nikamwambia acheze. Nilizisikia lawama zao, nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Eliye Springs, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Hapo maji matamu hububujika mchangani chini ya mikoma, kando ya Ziwa Turkana lenye maji ya magadi. Wavuvi walikuwa wameketi wakishona wavu uliopasuka. Mwanafunzi mmoja akauliza ni nani aliyeupasua. Mzee akamjibu, "Jina lake halitaziba tundu," akaendelea kushona.

Yuko mtu aliyeona uzito wa kutegemea wenzake, akautua. Yiech Pur Biel alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 2005 akiikimbia vita. Kambini alicheza mpira, lakini hakupenda bahati yake iwe miguuni mwa wengine, akachagua mbio. Mwaka 2016 alikimbia mita 800 katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Simlaumu: mkimbiaji huvuna alichopanda. Walakini hata yeye hakufika Rio peke yake. Alifanya mazoezi Ngong pamoja na wenzake, katika kambi ya Tegla Loroupe, akaingia uwanjani akiwa mmoja wa wanamichezo 10 wa Timu ya Wakimbizi. Nani basi asiyekuwa na timu?

Pengine utasema, msomaji, kwamba kosa likiwa la wote huwa si la mtu. Neno hilo lina nguvu. Wako watu wasemao "sote tumekosa" ili pasiwe na mmoja wao wa kuulizwa. Lakini kugawana kosa si kulifuta. Ni kulipima, kila mtu akatwaa fungu lake kwa jina lake. Mlinda mlango atajibu kwa mpira uliomponyoka. Beki atajibu kwa mpira aliompa adui, na mshambuliaji kwa nafasi aliyoipoteza lango likiwa wazi. Mlezi naye ana lake.

Jioni ile, kabla ya kurudi, niliwakusanya vijana mchangani nikawaeleza habari ya kidole. Ilikuwa vigumu kusema, maana mwalimu hupenda kuonekana hana kosa. Walinitazama kimya. Kisha beki mmoja akasema kwamba bao lile lilianza mguuni pake. Mwingine akafuata. Mlinda mlango mwenyewe akasema, "Hata hivyo, ule mpira ningeweza kuudaka." Hapana aliyembishia, wala hapana aliyemcheka. Tulikula samaki wa kuchoma katika sinia moja, naye akiwa kati yetu.

Kombe halikurudi. Lakini vijana wale walikuwa walimu wa kesho, na mbele yao walikuwapo watoto wengi watakaokosea. Nilitaka wajue kwamba samaki aliyeoza hutupwa, bali mtu aliyekosa si samaki. Nawe siku timu yako itakaposhindwa, kabla hujamnyoshea mwenzako kidole, litafute kwanza fungu lako, ulitaje.