Asiyejibu, Yupo?

Skrini nyeusi. Feni inavuma na taa ya kitufe cha kuwashia inawaka, lakini mausi ikisogezwa, kimya. Kibodi ikigongwa, kimya. Kompyuta iliyoachwa ilale wakati mwenyewe anakwenda kula imegoma kuamka. Wengi hapo hubana kitufe cha kuwashia kwa sekunde nne tano mpaka mvumo ukate. Mashine huzimika, huwashwa upya, na barua ambayo haikuwa imehifadhiwa ndiyo imeshapotea.

Fundi mzoefu hana pupa hiyo. Kwanza hubonyeza Caps Lock na kutazama taa yake. Kwenye kibodi nyingi za USB taa ile haijiwashi: kibodi hupeleka habari kwamba kitufe kimebonyezwa, na mfumo endeshi ndio unaorudisha amri ya kuwasha taa. Ikiwaka na kuzimika kila anapobonyeza, basi ndani kuna kinachopokea na kujibu. Kompyuta imeshaamka, kilicholala ni skrini. Fundi atakagua waya wa skrini, na kama mashine inatumia Windows, atabonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B ili draiva ya kadi ya michoro ianze upya bila kugusa kazi iliyokuwa imefunguliwa. Mara nyingi hiyo draiva ndiyo yenye makosa.

Swali analouliza fundi kwa ncha ya kidole, wanafalsafa na watu wa dini wamelihangaikia karne nyingi. Asiyejibu, nani ana haki ya kusema hayupo?

Usingizi wa kompyuta wenyewe si utupu. Katika ACPI, kanuni za kusimamia umeme wa kompyuta zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, hali moja ya usingizi huitwa S3: kichakataji huzimwa, diski husimama, lakini RAM, yaani kumbukumbu ya muda, huendelea kupewa umeme kidogo. Umeme huo una kazi. Chembe za RAM huvuja chaji, na zisipoandikwa upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, zinasahau. Kwa hiyo barua iliyokatizwa katikati ya sentensi ipo tu kwa sababu inahuishwa mara kadhaa kila sekunde, gizani, bila alama yoyote nje. Umeme wa nyumba ukikatika katika hali hiyo na hakuna betri, hakuna cha kuamsha.

Mwaka 1641 padri Mfaransa Pierre Gassendi alimbana mwanafalsafa René Descartes kwa hoja inayofanana na hii, juu ya usingizi wa binadamu. Descartes alikuwa amesema kwamba asili ya roho ni kufikiri. Je, ndani ya usingizi mzito roho inafikiri nini? Na mtoto aliye tumboni? Descartes hakurudi nyuma: roho hufikiri daima, ila ubongo uliolala haubaki na alama za mawazo hayo, ndiyo maana mtu akiamka hana la kusimulia. John Locke, katika kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu ambacho chapa yake ya kwanza ina mwaka 1690, aliona jibu hilo ni la kukwepa. Kumwambia mtu kwamba usiku kucha alikuwa akifikiri, na yeye mwenyewe hana habari, ni kudai jambo ambalo hakuna awezaye kulishuhudia.

Locke ana haki ya kudai ushahidi. Lakini hoja yake ina mlango ulioachwa wazi: inamtegemea mtu aamke na kuhojiwa. Itakuwaje kwa ambaye yuko macho na hawezi kuhojiwa?

Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake, wakati huo akiwa Cambridge, walichapisha katika jarida la Science habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia ubongo katika ajali ya gari. Miezi mitano baadaye alikuwa akifumbua macho na kuyafumba, akilala na kuamka, lakini hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Walimlaza ndani ya mashine ya MRI na kumwambia awaze anacheza tenisi. Baadaye awaze anapita chumba hadi chumba nyumbani kwake. Kila agizo liliamsha sehemu yake ya ubongo, zile zile zinazoamka kwa watu wenye afya. Wapinzani walisema huenda neno “tenisi” peke yake lilitosha kuugutusha ubongo. Lakini mwitiko wake haukuwa wa kushtuka na kupoa. Ulidumu nusu dakika nzima mpaka alipoambiwa apumzike. Mwaka 2010 watafiti walisonga mbele: mgonjwa mmoja alitumia tenisi kama “ndiyo” na nyumba kama “hapana”, au kinyume chake, akajibu maswali rahisi, likiwemo la jina la baba yake.

Dini hazikungoja MRI ili kuwaonya watu dhidi ya kuhukumu kwa macho. Katika Surat al-Kahf, vijana waliokimbilia pangoni wanatajwa kwa namna ambayo mtazamaji angedhani wako macho ilhali wamelala, na Mungu mwenyewe anawageuza kuumeni na kushotoni. Walipoamka walidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Sura hiyo inataja miaka 300 na tisa juu yake. Katika Injili ya Marko, Yesu anafika nyumbani kwa Yairo akisema binti yake Yairo hakufa bali amelala, na waombolezaji wanamcheka. Simulizi moja inamwonyesha mtazamaji anayeona watu walio macho mahali penye usingizi, nyingine inaonyesha umati unaoona kifo mahali penye usingizi. Zote mbili zinaiweka elimu ya hali ya mtu kwa mwingine asiyekuwa mtazamaji. Surat az-Zumar inakwenda mbali zaidi: Mungu huzichukua nafsi wakati wa kufa, na zile zisizokufa huzichukua usingizini, kisha huzishika alizozihukumia mauti na kuzirudisha nyingine mpaka muda uliowekwa. Kuamka, kwa Mwislamu anayesoma aya hiyo, si tabia ya mwili tu. Ni kurudishwa.

Hata hivyo imani hii ya kurudishwa haimwamuru mtu aendelee kungoja bila mwisho, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Hospitalini pia ilibidi uamuzi utolewe: mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipendekeza vigezo vya kumtambua mtu ambaye ubongo wake umekoma kabisa hata kama moyo unadunda kwa msaada wa mashine ya kupumulia: hakuna mwitiko, hakuna kupumua, hakuna rifleksi. Kisha ikataka vipimo vyote virudiwe baada ya saa zisizopungua 24. Kamati ilijua kwamba uamuzi unaofuata hauna kurudi nyuma, kama fundi anavyojua kuhusu kubana kile kitufe. Tofauti ni kwamba kompyuta itawaka tena, bila barua.

Je, vipimo vipya vimemaliza ubishi? Mwezi Agosti 2024, The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa nchi kadhaa. Kati ya wagonjwa 241 ambao hawakutii agizo lolote kitandani, 60 walionyesha kwa MRI au kwa kipimo cha umeme wa ubongo kwamba wanafuata maagizo. Karibu robo nzima. Lakini utafiti huo huo ulipima pia wagonjwa 112 waliokuwa wakitii maagizo waziwazi, na kati yao ni 43 tu walioonekana na mashine. Wengine 69 walikuwa wakifuata maagizo kitandani, na kipimo hakikuwaona.

Fundi analijua jambo hili. Taa ya Caps Lock ikikataa kuwaka, bado hajathibitisha lolote. Huenda ni kibodi iliyokatiwa umeme kwenye tundu la USB wakati wa usingizi. Ndiyo maana hujaribu tundu jingine, hubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja bila kukibana, na husubiri dakika kadhaa. Kwa mgonjwa, jibu likipatikana linatosha kuthibitisha kuwa yupo. Likikosekana, familia inabaki na kazi ambayo hakuna mashine iliyoichukua bado: kuamua ni muda gani wa kusubiri unamtosha mtu ambaye huenda anasikia mazungumzo yanayofanyika juu yake, na nani kati yao ana mamlaka ya kusema sasa basi.