2670 Ile na 2670 Hii

Dada mmoja wa Dar es Salaam, mhariri wa video za harusi, alinunua kompyuta ya mtumba yenye soketi mbili za prosesa. Nyingi za mashine hizi huuzwa zikiwa na prosesa moja tu, soketi ya pili ikiwa tupu chini ya kifuniko cha plastiki. Yake ilikuwa na Xeon E5-2670: kore 8, gigahezi 2.6. Akapiga hesabu kwamba akiongeza nyingine kama hiyo atafikisha kore 16, na video za wateja hazitakesha tena zikichakatwa.

Akaenda Kariakoo na namba aliyoihifadhi kwenye simu. Muuzaji akamtolea. "Ndiyo hii hii, dada yangu, nimeijaribu mwenyewe, ni nzima." Hakumdanganya. Prosesa ilikuwa nzima, na namba ilikuwa 2670. Ila baada ya namba hiyo, kwa maandishi madogo, palikuwa na v2.

Namba hizi zimewatia hasara wengi. E5-2670 ya kwanza ilitoka mwaka 2012, v2 ikafuata 2013. Zote mbili huingia kwenye soketi ya LGA 2011 bila kulazimishwa, zote zimepangiwa wati 115, na hata kasi ya QPI, njia ambayo prosesa mbili huzungumzia, ni ile ile. Lakini v2 ni kizazi kingine: kore 10, gigahezi 2.5, kashe ya MB 25 badala ya 20. Prosesa zilizo kwenye ubao mmoja hutumikia mfumo mmoja wa uendeshaji, na kazi iliyoanzia kwenye moja yaweza kuhamishiwa nyingine ikiwa katikati. Kwa hiyo vizazi viwili haviruhusiwi kuchanganywa, na mashine hugoma kuwaka.

Ya dada yule iligoma. Feni zilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Fundi akabadilisha RAM, akabadilisha pawa saplai, akang'oa prosesa na kuirudisha, akaing'oa tena. Ile ya zamani ikiwa peke yake, mashine iliwaka. Wakaamini mpya imekufa. Wakairudisha dukani, muuzaji akaiwasha mbele yao kwenye mashine yake. Wakarudi nyumbani kujaribu upya, na safari hii kona moja ya prosesa ikateleza na kuangukia soketi ya kwanza. Katika soketi za aina hii pini ziko kwenye ubao, si kwenye prosesa, nazo ni 2,011, nyembamba mno. Zilipinda chache tu, lakini tangu hapo hata prosesa ya zamani haikuwasha mashine.

Hapo ndipo roho inaniuma. Kosa la kununua lingemgharimu bei ya prosesa moja. Kubahatisha kukamgharimu ubao mzima, na harusi za watu zikiwa ndani ya foleni. Muda wote huo jibu lilikuwa limechongwa juu ya bati la prosesa, na pesti ya kupozea iliyoganda ilikuwa imelifunika. Pangusa pesti, usome jina lote hadi mwisho, kisha usome msimbo mfupi unaoanza na SR. Kwa 2670 ya kwanza utakuta SR0H8 au SR0KX. SR0H8 ni toleo la C1, ambalo lina kasoro kwenye VT-d, jambo zito kwa anayeendesha kompyuta pepe; SR0KX ni C2, iliyorekebishwa. Mimi husisitiza misimbo hiyo ifanane, na ikiwezekana prosesa zinunuliwe kwa jozi, zimetoka pamoja kwenye mashine moja. Uangalie pia tarakimu ya kwanza baada ya E5: E5-1650 itaingia kwenye soketi hiyo vizuri kabisa, lakini familia ya 1600 haina QPI. Hata ukimpa pacha wake halisi, hawataungana.

Dada yule alipata ubao mwingine na jozi ya SR0KX. Mashine ikaonyesha kore 16, ila kazi haikwenda kasi aliyoitarajia mpaka fundi alipogundua kwamba RAM yote ilikuwa upande wa prosesa ya kwanza. Kila prosesa ina njia zake 4 za RAM. Ya pili ilikuwa inaomba kila kitu kwa mwenzake kupitia QPI. Wakahamisha nusu.