Eti hatazaa

Kuna sentensi inayotolewa haraka mno: "Huyu hatazaa." Binti ana miaka 14, hajavunja ungo, kapimwa, basi, hukumu imeshatoka. Mie nabishana nayo. Ni katili, halafu mara nyingine si kweli.

Chukua hali ya Turner, iliyopewa jina la daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1938. Mwaka 1959 Charles Ford na wenzake, Uingereza, walionyesha chanzo: kromosomu X moja badala ya mbili. Lakini wapo wenye mozaiki, yaani mwili uliochanganyika; seli hii ina X moja, jirani yake anazo mbili. Maabara huhesabu seli kadhaa za damu na kuandika jibu. Sasa jamani, damu si ovari. Hesabu ya seli za mkononi haikuambii kilichomo kwenye kizazi. Baadhi ya wanawake hawa hupata hedhi wenyewe, na wachache hushika mimba bila msaada wowote, ingawa mayai yao huisha mapema na mimba huharibika mara nyingi zaidi.

Ubaya uko hapa. Aliyeambiwa hazai atatumia kinga ya nini? Na nani atampima moyo? Katika Turner, mshipa mkuu utokao moyoni unaweza kupanuka hadi kuchanika, na ujauzito huiongeza hatari hiyo. Uhakika wa daktari unaweza kumuua mtu.

Vipi kuhusu mchumba, aambiwe? Naona ndiyo, aambiwe kile kinachojulikana, nacho ni "huenda", si "hapana". Mama mkwe hadai chochote. (Najua, atajua tu.)

Swali gumu zaidi ni la yule ambaye vipimo vimeonyesha mshipa umeshapanuka, madaktari wanamkataza, naye anataka mtoto. Mwili ni wake, nakubali. Ila nikifikiria jinsi neno "tasa" linavyotupwa uani kwetu, sijui kama anayechagua ni yeye au ni majirani. Siwezi kumnyima uamuzi. Ninachoweza kudai ni kwamba kabla hajaamua, mtu akae naye, amwonyeshe picha ya moyo wake, amweleze mshipa una upana gani, na asiondoke chumbani mpaka maswali yake yaishe.