Uzito wa Mtihani na Uzito wa Kazi za Kila Siku

Alama ya shule ni ushahidi unaopelekewa mtu ambaye hakuwepo darasani: mwajiri, chuo, au shule ya ngazi inayofuata. Msahihishaji wa mtihani wa taifa huona namba ya mtahiniwa tu, wala hajui baba yake ni nani. Mwalimu wa darasa alimwona mtoto huyohuyo akikwama kwenye hesabu za sehemu mwezi wa tatu na kuzimudu mwezi wa sita. Shahidi wa kwanza ameona kidogo lakini hana wa kumpendelea. Wa pili ameona mengi, na vishawishi vya kupendelea anavyo. Kugawa asilimia kati ya mtihani na kazi za kila siku ni kuamua nani aaminiwe, na kwa kiasi gani.

Tanzania iliwahi kugawa sawa kwa sawa. Azimio la Musoma la 1974, lililofuata Elimu ya Kujitegemea ya 1967, lilikataa mtihani mmoja wa karatasi kuwa kipimo pekee cha kijana, na kuanzia 1976 alama za maendeleo, yaani za kazi za kila siku, zikabeba nusu. Nchini Kenya, matokeo ya Gredi ya 9 chini ya mtaala wa umilisi hutokana na mtihani wa KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza 2025, kwa asilimia 60. Zilizobaki ni 20 za mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 na 20 za upimaji wa shuleni.

Lakini uzito wa kwenye waraka na uzito halisi ni vitu viwili. Tuseme mgawanyo ni nusu kwa nusu, na walimu, kwa huruma au kwa kuogopa shule yao kuonekana dhaifu, wanampa kila mwanafunzi kati ya 80 na 90 za maendeleo. Mwenye 90 za maendeleo na 40 za mtihani anapata 65. Mwenye 80 na 70 anapata 75. Maendeleo yamewatenganisha kwa pointi 5, mtihani kwa 15. Nusu ile imekuwa pambo: mtihani ndio uliopanga watu. Mabishano kuhusu asilimia 30 au 50 huliruka jambo hili, ingawa ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kazi ya nyumbani ina tatizo lake. Anayesoma kwa kibatari baada ya kuchota maji na mwenye mwalimu wa tuisheni sebuleni hukusanya daftari siku moja, na alama haisemi nani alisaidiwa. Tena zoezi ni mahali pa kukosea. Kosa likikatwa alama, mwanafunzi hujifunza kulificha: asubuhi, kabla ya kengele, daftari la anayejua huzunguka dawati hadi dawati, na mwalimu husahihisha jibu moja mara arobaini bila kujua nani hakuelewa. Zoezi la namna hiyo lisahihishwe kwa makini, lakini lisihesabiwe, au lihesabiwe kidogo sana.

Jaribio la maabara, insha iliyoandikwa upya mara mbili na kazi-mradi ya muhula ni habari nyingine, kwa sababu saa tatu za mtihani haziwezi kuziona. Kazi hizo zinastahili sehemu kubwa, mradi zifanyike mbele ya mwalimu na sampuli zake zipitiwe na mwalimu wa shule nyingine. Zikiwepo, aliyeingia chumba cha mtihani na homa ya malaria anakuwa na kitu kingine cha kumsemea.