Mlango na Mkono Ulioutia Nakshi

Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Unguja husifiwa na kila aionaye, nasi tuishio ughaibuni huzitundika picha zake ukutani kana kwamba ni hati za nasaba. Lakini kusifu ni tendo, na kila tendo lina dhima yake. Tunapousifu mlango, tunamsifu nani?

Tuutazame wenyewe. Miimo imechongwa minyororo na mayungiyungi. Mfaa umesimama wima mahali zinapokutana pande mbili za mlango. Njumu za shaba zimepangwa safu safu. Kwenye kizingiti cha juu mara nyingi pana aya ya Kurani au mwaka wa Hijria. Jina la fundi ni nadra kulikuta. Na mali iliyomlipa fundi huyo katika karne ya 19 ilitokana kwa sehemu kubwa na karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi mwaka 1897.

Wapo waonao kwamba uzuri uliolipiwa kwa dhuluma haufai kutazamwa. Siafikiani nao. Tukiupa mlango kisogo, tajiri hapotezi kitu, kwani amekwisha kufa na kuiacha mali yake. Apoteaye ni fundi, ambaye hakuacha alama nyingine. Wapo pia wasemao kwamba uzuri hauna hatia. Hao wanasahau kuwa nakshi ile iliwekwa mbele ya nyumba ili itangaze ukwasi. Anayeistaajabia bila ya kuuliza ukwasi huo ulitoka wapi, angali anamtangazia tajiri.

Lililo la haki ni kuitenga kazi na fedha iliyoilipia, kisha kuzitaja zote mbili. Fedha iliweza kuununua mlango. Haikuweza kuifundisha patasi. Subira ya fundi tuistahi, na dhuluma ya zama zake tuwasimulie watoto wetu bila ya kuipamba.

Kipimo cha unyofu wetu hakiko mbali. Mafundi wa nakshi wangalipo, Unguja na Lamu. Msafiri anayemlilia fundi wa kale asiye na jina, kisha akamkandamiza fundi aliye hai kwa kumpunguzia ujira, hakuupenda ufundi. Ameupenda ukale tu. Mcheza kwao hutunzwa. Basi fundi naye atunzwe angali hai, na jina lake tuliulize kabla ya bei.